Ofisi za kuchangia Mtwara: soko lipo, ila wateja si wale unaowafikiria

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Umepata nyumba kubwa Shangani, hapa Mtwara, mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka kwa mkupuo, na unapanga kuweka meza 40 kama ulivyoona Dar: intaneti ya kasi, kahawa, vijana na kompyuta zao. Unauliza kama italipa. Mimi naendesha ofisi ya aina hiyo hapa Mtwara mjini, na kabla ya hapo nilikuwa nayatafutia ofisi mashirika yaliyokuja na miradi. Wateja wapo na wanaongezeka, lakini meza 40 za wazi hazitajaa. Wanaokuja kwetu wanataka chumba chenye mlango na ufunguo, wiki tatu au miezi mitatu, kisha waondoke zao.

Nianze na gesi, maana ndiyo iliyowazoesha wenye nyumba bei wanazotaja mpaka leo. Miaka ile ya 2011 hadi 2014, kampuni za kutafuta gesi bahari kuu zilipokuwa zinatumia bandari yetu, nyumba Shangani ilichukuliwa nzima. Mtu alilipia vyumba vinane akatumia vitatu, na hakuna aliyejali. Mwishoni mwa 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Oktoba 2015 bomba la gesi la kwenda Dar likazinduliwa, kazi za ujenzi zikawa zimekwisha. BG, mojawapo ya kampuni zile za gesi, ikanunuliwa na Shell mwaka 2016. Nyumba zikabaki, na wapo wenye nyumba ambao bado wanamsubiri mpangaji yuleyule arudi. Juni 2022 serikali iliposaini makubaliano ya awali na Equinor na Shell kuhusu kiwanda cha LNG, yaani cha kugeuza gesi kuwa kimiminika, cha Likong'o, Lindi, bei za pango zilipanda midomoni mwa madalali hata kabla ya jiwe kuwekwa. Natamani mradi ule uje, watu wa Lindi wameungoja sana. Ila usilipe kodi ya leo kwa mapato ya mradi ambao haujaanza.

Mteja wa leo ana kazi ya msimu, na wa kwanza kabisa ni wa korosho. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hesabu yako itakaposimama au kuanguka. Zamani mnunuzi alituma mtu na barua ya bei kwenye sanduku la zabuni, mnada unafunguliwa mbele ya wakulima. Siku hizi minada ya vyama vikuu vya ushirika, yaani TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, inapitia mfumo wa mtandaoni wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, na mnunuzi anaweka bei akiwa Dar au India. Ungedhani basi ofisi hazina kazi tena Mtwara. Kwangu imekuwa kinyume. Bosi habanduki alipo, lakini mzigo uko ghalani na lazima utoke: anatakiwa mtu wa kukagua ubora, wa kufuatilia malipo benki na vibali vya kutoa mzigo, wa kutafuta malori, na wakala wa forodha. Na tangu serikali ielekeze korosho za kusini zisafirishwe kupitia bandari ya Mtwara, kazi ya makaratasi ambayo zamani ingefanyikia Dar inafanyikia hapa. Hao ni watu wanne au watano wanaohitaji chumba kimoja kuanzia Oktoba hadi Januari, na printa inayofanya kazi mpaka usiku. Ofisi ya mwaka mzima hawaitaki, ya nini? Februari watakuwa wameondoka.

Na huwezi kuwaweka kwenye meza ya wazi. Bei wanayokusudia kuweka na tani wanazotafuta ni siri, na anayekaa meza ya pili anaweza kuwa mtu wa mnunuzi mwingine. Nimeona timu mbili, kila moja ikiacha kuzungumza mtu wa timu nyingine akipita mlangoni. Kwa hiyo pesa uliyotenga kwa meza nzuri na mapambo ya ukutani, nunulia mbao na jipsamu, ugawe vyumba, tena ukuta ufike darini ili sauti isivuke.

Msimu ukiisha kuna pengo, na pengo hilo linazibwa na watu wengine kabisa. Wanakuja wa salfa na pembejeo kabla ya mikorosho kuanza kupuliziwa. Wanakuja wa makaa ya mawe ya Ruvuma yanayopakiwa bandarini. Wanakuja wakaguzi wa hesabu, na washauri elekezi wa barabara na maji. Mashirika nayo yamebadilika. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, miradi iliyokuwa na jengo zima na magari uani ilifunga au ikabaki na watu wawili watatu. Inauma, kwa sababu vijana wetu wengi walikuwa wanakula humo, na huduma zilizokuwa zinafika vijijini zimepungua. Hao wawili waliobaki hawawezi kulipia jengo, ila bado wanatakiwa kuwa na ofisi inayoeleweka, yenye mkataba wa pango na mahali pa kufungia mafaili. Hao ndio wapangaji wangu watulivu kuliko wote.

Kuna kundi jingine ambalo sijaona mtu wa Dar akilitaja: vikundi vya wanawake na vijana, na wakandarasi wadogo. Tangu ununuzi wa serikali uhamie NeST, mfumo wake wa zabuni wa mtandaoni, mwaka 2023, zabuni ya kusambaza viti vya shule au kufyeka barabara inaombwa mtandaoni. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu, lakini kina mama wa Mikindani au Naliendele watajazaje mfumo kwa simu yenye kioo kilichopasuka? Wanahitaji kompyuta, skana, na mtu mvumilivu wa kukaa nao mpaka mwisho. Wanalipa kidogo, kwa saa. Mimi ningewaweka hata kama wasingelipa vizuri, kwa sababu kazi yenyewe ina maana, lakini wanalipa, na kikundi kikishinda zabuni kinarudi kuchukua ukumbi kwa mikutano yake.

Vijana wa kompyuta unaowafikiria wapo pia, baadhi yao ni wahitimu wa Stella Maris. Wachache. Watengee viti sita au saba na bei ambayo kijana anaiweza.

Umeme na intaneti usivifanyie ubahili. Jenereta peke yake haitoshi, kwa sababu zile sekunde kabla haijawaka zinatosha kumkata mtu kwenye mkutano. Weka inveta na betri kwa ruta na taa, jenereta ibebe viyoyozi. Chukua faiba, na laini ya akiba ya kampuni nyingine. Jua pia mipaka yake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, mitandao mingi ya nchi ililegea kwa pamoja. Waambie wateja ukweli huo mapema, usiwaahidi intaneti isiyokatika.

Tenga mahali pa kutawadha na kuswalia. Mwezi wa Ramadhani fungua usiku baada ya futari, maana mchana panapoa na kazi inahamia saa tatu usiku.

Sasa mkataba, na hapa ndipo nina wasiwasi nawe kweli. Unataka kulipa kodi ya mwaka ukiwa unapokea kwa wiki na kwa mwezi. Kampuni ya Marekani ya WeWork ilikodi majengo kwa mikataba ya miaka mingi ikayapangisha kwa muda mfupi. Januari 2019 ilithaminiwa dola bilioni 47, na Novemba 2023 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Korona ilichangia, lakini hatari ilikuwa ndani ya mpango wenyewe: kodi haipungui wateja wanapopungua. Jadiliana na mwenye nyumba ulipe kwa miezi mitatu mitatu, au agawane nawe mapato, kodi ndogo ya msingi kisha asilimia ya kinachoingia. Wazee wa Shangani wenye nyumba iliyokaa tupu wanaelewa, ukienda mwenyewe kwa heshima bila dalali. Akikataa kabisa, tafuta nyumba ndogo Ligula au karibu na bandari. Mandhari ya bahari hayamwongezei wakala wa forodha chochote.

Panga bei ukiwa umekatwa tayari ile asilimia 10 ya kodi ya zuio ambayo mashirika na kampuni zitaizuia kwenye pango. Na uwe na mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki, tangu siku ya kwanza, maana mhasibu wa mradi asiye na risiti hakulipi.

Kabla hujampa mwenye nyumba chochote, nenda ofisi za mawakala wa forodha na vyama vikuu vya ushirika mwezi huu, uulize nani anahitaji chumba Oktoba, wangapi, kwa muda gani. Ukipata vyumba vinne vilivyolipiwa nusu, rudi hapa na ramani ya nyumba nikuonyeshe kuta nilivyozipanga.