Muulize Fundi: Gemu za zamani zikirudi kwa njia ya intaneti

Toleo lililopita niligusia kwamba gemu za utotoni mwetu sasa zinauzwa upya, unazishusha kwa intaneti badala ya kuweka diski au kaseti. Tangu hapo simu yangu haina raha. Wengi walioandika ni watu wazima waliokulia kwenye mabanda ya gemu ya Ngamiani hapa Tanga, wakilipia dakika, na leo wana uwezo wa kununua gemu nzima. Nimechagua barua tano. Mnaouliza bei ya pedi, njooni dukani, hapa si mahali pake.

Fundi, assalaam aleikum. Shemeji yangu yuko Maskati, kaniletea Wii ya mtumba, ile mashine ya gemu ya Nintendo, safi kabisa. Nilisikia ndani yake kuna duka la gemu za zamani. Diski zinacheza vizuri na intaneti imeshika, lakini dukani sipati kununua kitu. Nimefungiwa kwa sababu niko Tanzania, au mashine ina hitilafu? Mwanangu anasema tuifute yote tuanze upya.
*Mpokea Mzigo, Chumbageni*

Waaleikum salaam. Kwanza kabisa, mzuie kijana asifute chochote. Sababu inakuja.

Mashine yako nzima, na Tanzania haihusiki. Duka la Wii lilifungwa dunia nzima tarehe 30 Januari 2019, na kuongeza salio kulikuwa kumekatwa tangu Machi 2018. Lilianza na mashine yenyewe mwishoni mwa 2006, na upande wa gemu za zamani uliitwa Virtual Console. Ulinunua pointi kwanza, pointi 100 kwa dola moja ya Marekani, kisha ukachagua gemu za mashine za zamani za Nintendo: ya NES pointi 500, ya Super Nintendo 800, ya Nintendo 64 pointi 1,000. Kilichonifurahisha mimi ni kuwakuta Sega mle ndani. Sega na Nintendo walitukanana kwenye matangazo miaka ya tisini, halafu ghafla gemu za Mega Drive, mashine ya Sega, zinauzwa ndani ya mashine ya Nintendo. Ni kama ukute jezi ya Coastal Union na ya African Sports zimeanikwa kamba moja.

Sasa hilo la kufuta. Gemu iliyonunuliwa pale ilifungwa kwa mashine, haikufungwa kwa mtu. Yule aliyemuuzia shemeji yako, kama aliwahi kununua chochote, huenda bado kimo. Washa, ukifika kwenye ule ukurasa wa vijisanduku geuza kurasa zote hadi mwisho, maana kila gemu ya dukani hukaa kwenye kijisanduku chake kama chaneli. Usiishie hapo. Chini kushoto kuna alama ya kadi ya SD. Kumbukumbu ya ndani ya Wii ni megabaiti 512 tu, kwa hiyo watu walihamishia gemu kwenye kadi. Kama ilikuja na kadi, iache humohumo, usije ukaichomeka kwenye simu kuwekea picha za harusi. Gemu zilizo kwenye kadi hiyo zitacheza kwenye mashine hiyo tu, kwenye Wii ya jirani hazifunguki.

Ukishafuta, tegemeo lako ni seva za Nintendo. Walipofunga duka waliacha mlango wa kushusha upya vilivyokwisha nunuliwa, ila walisema wazi kwamba mlango huo nao utafungwa siku moja. Mimi nisingeweka mali yangu hapo.

Na kabla hujakata tamaa, tazama ubavuni. Wii za mwanzo zina kifuniko, ukikifungua unakuta matundu manne ya pedi za GameCube, mashine ya Nintendo iliyoitangulia Wii. Kama unayo hiyo, basi mashine yako inasoma na diski za GameCube, maktaba nzima ya gemu ambayo haihitaji duka la mtu.

Yaliyoikuta Wii yamezikuta nyingine. Duka la 3DS na la Wii U, mashine nyingine za Nintendo, yalifungwa Machi 2023, la Xbox 360 Julai 2024. Sony nao walitangaza Machi 2021 kwamba wanafunga la mashine zao za PS3 na Vita, wateja wakawaka, mwezi uliofuata wakarudi nyuma. Hayo mawili yalinusurika kwa kelele, wala hakukuwa na mkataba uliowalinda wanunuzi. Huko California ilibidi itungwe sheria mwaka 2024 kuyalazimisha maduka ya mtandaoni yamwambie mteja waziwazi kwamba analipia kibali cha kutumia. Ndiyo maana mtu akiniambia "Fundi, nimenunua", huwa namuuliza duka lenyewe lina umri gani.

Shikamoo Fundi. Enzi za PS1 hapa Makorora hakuna aliyenitoa kwenye Tekken 3, ile gemu ya ngumi. Kaka kaniletea PlayStation Classic, kile kiboksi kidogo chenye gemu 20 ndani yake. Tekken imo, lakini nikipiga kombo nachelewa, na mdogo wangu ananichapa mbele za watu. Ni pedi au ni uzee?
*Bingwa Mstaafu, Makorora*

Marahaba. Vidole vyako vizima, ila umekabidhiwa Tekken ya Ulaya.

Tivii za chogo za Ulaya, na zetu pia, zilichora picha mara 50 kwa sekunde. Za Japani na Marekani mara 60. Gemu nyingi za zamani ziliandikwa Japani na mwendo wake ukafungwa kwenye picha: picha moja, hatua moja. Ukiipeleka gemu ya 60 kwenye 50 bila kuirekebisha, inapoteza sehemu moja katika sita ya kasi yake. Kwa gemu ya kutafuta njia hutahisi sana. Kwa gemu ya ngumi, pale unapobonyeza na pale teke linapotoka pamepishana na ulivyozoea. Kiboksi hicho kilipotoka Desemba 2018, baadhi ya gemu zake zilikuwa za toleo la Ulaya, na Tekken 3 ni mojawapo. Walalamikaji walikuwa dunia nzima, hukuwa peke yako.

Utaniuliza, mbona na sisi ni watu wa 50? Ni kweli, lakini CD tulizochezea wewe na mimi zilikuwa za kuchoma, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino, na nyingi zilinakiliwa kutoka toleo la Marekani. Unakumbuka gemu iliyokuwa inatokea nyeusi na nyeupe, watu wanapiga tivii makofi wakidhani waya umelegea? Waya haukuwa na kosa. Mashine ilikuwa inatoa rangi kwa mtindo wa Marekani na ile tivii inajua PAL, mtindo wa Ulaya na wetu, peke yake. Mwenye banda mjanja alitafuta tivii inayosoma mitindo yote miwili, na kwake ndiko foleni ilikokuwa. Kwa hiyo umekulia kwenye kasi ya 60 bila kujua. Mdogo wako kajifunzia kwenye hicho kiboksi, mwendo wa polepole ndio anaoujua, ndiyo maana anakuchapa.

Huwezi kuirudishia kasi yake kwa kubonyeza kitufe. Ukitaka heshima yako, tafuta PS1 iliyochipiwa (iliyowekewa chipu ya kusoma diski za nchi nyingine) au ya Marekani, na diski ya toleo la Marekani. Au mwite mdogo wako kwenye gemu nyingine. Na ukija siku moja kulipia huduma ya gemu za zamani ya PlayStation, uliza toleo kwanza: walipoianza mwaka 2022 huko Asia waliweka za Ulaya, watu wakapiga kelele ileile, ndipo wakatoa nafasi ya kuchagua ya 60 kwa gemu nyingi.

Fundi, mwanangu wa darasa la sita ana Switch, mashine ya Nintendo, aliyopewa na baba yake mdogo. Kila siku ananiambia nilipie onlaini apate gemu za zamani. Intaneti yetu ni bando la simu. Nalipaje, na kuna haja?
*Mama wa Darasa la Sita, Duga*

Dada yangu, haja hakuna, ila hasara yake si kubwa. Kwa bei ya Marekani ni karibu dola 20 kwa mwaka, anapata gemu za NES, Super Nintendo na Game Boy. Za Nintendo 64, Mega Drive na Game Boy Advance zipo kwenye kifurushi cha juu, karibu dola 50. Hicho cha juu msimnunulie, hatazimaliza hata za kifurushi cha chini.

Bando lisikutie hofu. Gemu za zamani ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Super Mario Bros. ya 1985 ni kilobaiti 40, picha moja ya WhatsApp inaizidi. Zinakuja kwa pamoja ndani ya programu moja, unashusha mara moja, basi. Ila mashine inataka kuingia mtandaoni angalau mara moja kila siku 7 kuhakikisha kwamba umelipia. Mkienda kijijini Lushoto likizo nzima bila hotspoti, gemu zitagoma. Na ukiacha kulipa, zote zinafungwa, hata ile aliyoifikisha ukingoni. Mwambie hilo mapema, asije akalia.

Kulipa ndiko kwenye kazi. Duka lao halina upande wa Tanzania, na la PlayStation ndiyo hivyohivyo, kwetu huku kusini mwa Sahara wameorodhesha Afrika Kusini tu. Watu hufungua akaunti ya Marekani. Kadi za malipo za kwenye simu, nyingine zinapita, nyingine zinakataliwa. Njia yenye usumbufu mdogo ni ndugu aliye nje akununulie kadi ya salio akutumie namba zake. Nchi ya kadi na nchi ya akaunti lazima zilingane. Ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani. Usinunue namba kwa mtu wa Instagram usiyemjua.

Mimi ningelipia mwezi mmoja, karibu dola 4, wakati wa likizo ya Juni. Shule zikifungua, mwezi umeisha wenyewe na hakuna ugomvi wa kunyang'anyana mashine. Ila zima malipo ya kujirudia siku hiyohiyo unapolipa.

Fundi, nimenunua gemu ya San Andreas toleo jipya, mbona kwenye redio ya ndani ya gemu nyimbo nyingine hazipo? Nimeibiwa?
*Bodaboda wa Mikanjuni*

Hujaibiwa. Wimbo ndani ya gemu hukodishwa kwa miaka kadhaa, gemu ikiuzwa upya lazima mwenye wimbo alipwe tena. Wakishindwana, wimbo unatolewa. San Andreas ni ya 2004, na ilipofika 2014 hata toleo la kompyuta lilipunguziwa nyimbo. Crazy Taxi, gemu ya kuendesha teksi, ilikumbwa na makubwa zaidi: iliporudi 2010 ilikuja bila nyimbo za bendi za The Offspring na Bad Religion, na ule mgahawa wa Pizza Hut ulikokuwa ukiwapeleka abiria haupo, wameweka wa jina la kubuni. Ukitaka redio ile ya zamani, ni diski ya PS2. Zipo nyingi, PS2 ziliuzwa zaidi ya milioni 160, na zinazoletwa kwangu kutengenezwa hazijaisha.

Fundi, nina laptop dhaifu na sitaki gemu za wizi. Kuna njia ya kununua gemu ya zamani ikabaki yangu kweli?
*Mwanachuo, Raskazone*

Ipo, ingawa si kwa kila gemu. Mwaka 2023 shirika la Marekani liitwalo Video Game History Foundation lilitoa utafiti: asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena dukani. Na zilizopo zinaondoka. Desemba 2024 Sega waliiondoa sokoni ile mikusanyo yao ya Mega Drive, aliyekuwa anangoja punguzo la bei amebaki anangoja.

Kwa laptop, nenda GOG. Ni duka la watu wa Polandi, lilianza 2008 chini ya kampuni ya CD Projekt kwa kuuza gemu za zamani tu. Ukinunua kwao unapewa faili la kusakinisha lisilouliza akaunti wala intaneti. Unalinakili, unalihifadhi, duka likifa kesho gemu inafunguka. Gemu za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, zinakuja zimeshawekewa programu ya kuziendesha kwenye Windows ya leo. Mwaka 2024 waliweka Resident Evil tatu za kwanza, matoleo ya kompyuta, nazo laptop yako itazimudu bila feni kupiga kelele. Kaseti za Nintendo hutazikuta huko, Nintendo hawauzi kwa watu wa nje.

Ukitaka za kaseti, nunua kaseti, lakini ujue uko Tanga. Mtu wa Raskazone akiniletea kaseti huwa najua anakotoka kabla hajasema: zile pini za shaba chini zimeota ukijani wa chumvi. Acha kupuliza. Tulipuliza sote, na mate ndiyo yaliyozimaliza. Chukua pamba ya masikio, spiriti kidogo, sugua pini kwa kufuata urefu wake mpaka pamba itoke nyeupe, acha ikauke kabisa ndipo uchomeke. Kisha iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ndani utie vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Na hilo faili la GOG, liweke kwenye flashi yake peke yake. Isiwe ile unayopelekea kazi za chuo kuprintiwa stesheneri, maana hizo zinarudi na virusi kila zinapotoka.