Je, bakteria "wanakula" sumu ya mgodi?

Msomaji mmoja anatafsiri makala ya sayansi, ameuliza: "Niandike bakteria zinazokula sumu kwenye maji ya mgodi, au wanaokula? Na hao wanaoishi kwenye baridi na asidi, niwaite bakteria wavumilivu?"

Upatanisho wa kisarufi kwanza maana huo mwepesi. Bakteria ni kiumbe hai, mpe a-wa: bakteria huyu, bakteria hawa, wanaoishi. "Bakteria hizi" zimejaa mtandaoni na hazijamuua mtu, ila usianze na hawa ukamalizia na hizi ndani ya aya moja, hiyo ndo inakera.

Shida iko kwenye "kula". Mawe ya mgodi yenye madini ya chuma na salfa yakikutana na hewa na maji yanatoa tindikali, na hiyo tindikali inayeyusha shaba, zinki na wenzake, maji yanakuwa makali kwelikweli, kule mto Rio Tinto, Hispania, pH (kipimo cha tindikali: 7 ni katikati, ikishuka ukali unazidi) inacheza kwenye 2 hivi. Tena kuna bakteria wanaochochea uharibifu huo, Acidithiobacillus ferrooxidans ni mmojawapo, kwa hiyo ukisema tu "bakteria wa tindikali" hatujui unamsema mharibifu au msafishaji.

Msafishaji naye hali shaba. Anakula samadi, vumbi la mbao au ethanoli anayowekewa, halafu anapumua salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni, imo humo kwenye maji ya mgodi) kama sisi tunavyopumua oksijeni, anatoa salfaidi (ile harufu ya yai viza), na salfaidi ikikutana na shaba inaing'ang'ania mpaka inakuwa chembe nyeusi zinazotuama chini. Shaba bado ipo, imehamia kwenye tope, na kuna mtu itabidi alizoe hilo tope. Ukiandika "wanakula" msomaji ataamini imeisha. Andika "wanaotuamisha metali".

"Wavumilivu" hapana, huo unaonekana wasifu wa mchumba. Mbegu tunasema zinastahimili ukame, basi na hawa wanastahimili baridi na tindikali. Ila angalia, kustahimili siyo kupenda: wasafishaji wengi wanafurahia pH ya karibu na 7 na joto la kutosha, baridi ikizidi kazi inazorota, ndo maana wanaohimili yote mawili wanatafutwa sana. Kama makala inawasema wale wanaonawiri humo kwenye ukali, andika "wanaopenda tindikali".

Asidi au tindikali? Zote sawa, chagua moja ubaki nayo.