Jibu: Mbona alumini iko juu ya chuma na haishiki kutu?

Ndugu, umeuliza kwa nini, kwenye orodha inayopanga metali kuanzia iliyo nyepesi zaidi kutendana na vitu vingine, alumini imepangwa juu ya chuma wakati chuma ndicho kinacholiwa na kutu, alumini inakaa tu. Mpangilio hauna kosa. Alumini huachia elektroni kirahisi kuliko chuma, ila ikikutana na hewa tu hujivika utando wa oksaidi, unene wa nanomita chache, unaoshika imara na kuizuia hewa. Kutu ya chuma humeguka, ikaacha sehemu mpya wazi.

Tumbukiza msumari wa chuma kwenye maji ya buluu ya kopa salfeti (chumvi yenye shaba): baada ya dakika kadhaa unavaa rangi ya shaba. Karatasi ya alumini kwenye gilasi nyingine? Kimya. Sasa ongeza chumvi ya kawaida. Kloridi iliyo ndani ya chumvi hiyo inautoboa utando, mapovu yanatoka, gilasi inapata moto (usiishike ovyo), na shaba inajikusanya kama unga wa kahawia-nyekundu. Hiyo ndiyo alumini halisi.

Sodiamu na potasiamu hazina hata subira hiyo, ndiyo maana huhifadhiwa ndani ya mafuta. Dhahabu, iliyo chini sana kwenye orodha, hata usiisumbue.