Mwanangu, kuhusu swali lako la hesabu na unesi

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, nikasema hii siijibu kwa voisi noti. Unauliza mtu aliyeomba kusoma hesabu akapangiwa unesi, hivi anaweza kuupenda kweli au anajikaza tu mpaka kustaafu.

Ngoja nikwambie habari za nesi mmoja, Annie Altschul. Kazaliwa Vienna, Austria, 1919, familia ya Kiyahudi, na chuo kikuu cha palepale alikuwa anasoma hesabu. Machi 1938 jeshi la Hitler likaingia Austria, na hazikupita siku Wayahudi wanapigishwa magoti wanasugua barabara kwa brashi huku majirani wamesimama wanacheka. Majirani, mwanangu, sio askari peke yao! Akakimbilia London. Uingereza ilikuwa inatoa vibali kwa wanawake wanaokubali kazi za ndani, wakimbizi kama 20,000 walipita mlango huo, wasomi kabisa wanapiga deki, na yeye akaanzia kulea watoto wa watu. Afu hospitali zilikuwa na uhaba wa manesi, ukienda kusomea unapewa na pa kulala na chakula, basi akaingia. Ule wito mnaoimbiwa siku ya manesi wanafunzi kuwasha mishumaa hapo uko wapi?

Wakati wa vita akawa Mill Hill, shule iliyogeuzwa hospitali, kuna wanajeshi moyo unaenda mbio, pumzi inakata, ukiwapima moyo mzima kabisa, shida iko kichwani. Daktari mmoja pale, Maxwell Jones, akawa anawakalisha wote pamoja wanaongelea ugonjwa wao na manesi wamo kwenye maongezi, sio kushika funguo tu. Fikiria, binti aliyetoka kwa wanaoongea Kijerumani anawauguza askari wa Kiingereza, na wanamsikiliza. Akabaki hukohuko kwenye wagonjwa wa akili maisha yake yote, hospitali ya Maudsley ya London, kisha 1964 Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland.

Sasa hapa ndo nataka usome taratibu. Alivyofika Edinburgh akafanya utafiti wodini, nesi gani anaongea na mgonjwa gani, muda gani, kuhusu nini, vinaandikwa. Hiyo si hesabu? Majibu yalitoka 1972 na hayakuwafurahisha wote, kwamba manesi hawakuwa na nadharia yoyote inayowaongoza wakiongea na wagonjwa, kila mtu na busara zake, ila wagonjwa wenyewe wanasema maongezi yaliwasaidia. Mwingine angeficha nusu moja ya hayo. 1976 wakamfanya profesa. Na sonona ilimpata yeye mwenyewe, akalazwa, baadae akaandika waziwazi, kitu ambacho kwetu nesi akifanya sijui matroni atamtazamaje. Kafa 2001, ana miaka 82.

Kama aliupenda unesi tangu siku ya kwanza sidhani, nadhani aliukuta una maswali ambayo hayajajibiwa akashindwa kuuacha. Kwa hiyo hiyo fomu ya kuhama kozi usiijaze kwanza mpaka upite wodi ya akili, na ukienda beba kidaftari, usimwandike mgonjwa jina.

Hela ya fildi natuma Ijumaa. Baba yako anasema umpigie, amechoka kukusikia kupitia kwangu.

Mama