Unaandika kutawazwa kwa mfalme kwenye hadithi yako? Taji liache kwanza, mtafute anayeweza kukataa

Wadau, habari za leo. Kwenye grupu letu la waandishi wa hadithi za kubuni naulizwa sana hili swali, sura ya kutawazwa mfalme niiandikeje isiwe kama sherehe ya ukumbini, watu wamekaa, nguo zinang'aa, mzee mmoja anamvika kijana taji, vigelegele, mwisho. Nimesoma rasimu nyingi za hivyo na kiukweli zinachosha, na sio kwamba mwandishi hana kipaji, shida ni kwamba kila mtu mule ndani ameshakubali. Hakuna anayeweza kusema hapana. Mimi nina miaka nasoma mambo ya kutawazwa, ya kwetu na ya wenzetu, nakusanya na vikombe na stempu zake, na kila nikianza ufalme mpya naandika swali juu ya ukurasa kabla ya kitu kingine chochote: siku hiyo nani ameshika kile kitu ambacho bila hicho mtu hawi mfalme, na akigoma kukitoa itakuwaje?

Chukua siwa ya Pate. Wengi mnaijua kwa picha, ile baragumu ya pembe ya ndovu yenye nakshi, urefu wake karibu mita mbili, na ile ya Lamu ya shaba. Pwani yetu siwa ndo ilikuwa enzi yenyewe, ikilia mji unajua kuna jambo la wakubwa, na haikupigwa hovyo. Habari za Pate zinasimulia kwamba Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa wakubwa, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya tohara akanyimwa siwa ya wafalme. Basi akamwita fundi, Mwenye Baenyi, akamuuliza waweza kunichongea siwa ya pembe, fundi akasema naweza, kazi ikafanyika kwa siri ndani ya nyumba yake mwenyewe, na siku ilipofika mji mzima ukashtuka siwa inalia kwa Mwana Darini. Ile ilikuwa tohara, sio kutawazwa, najua, ila tazama kilichotokea hapo: mtu amenyimwa alama ya enzi, akatengeneza yake, na watu wakaitikia. Ukiwa na hilo tu tayari una riwaya nzima, maana kesho yake mwenye ile ya kwanza atalalaje?

Rwanda ndo wananimaliza kabisa. Kule kulikuwa na abiru, watu waliohifadhi kichwani siri za ufalme, ibada zote, maneno yote, baba anamrithisha mwana, na mambo ya nani anafuata yalikuwa kwao. Julai 25, 1959 Mwami, yaani mfalme, Mutara III Rudahigwa akafariki ghafla Usumbura, ndo Bujumbura ya leo, hana mtoto, na Wabelgiji wanatawala. Siku ya maziko, Julai 28, Nyanza, makao ya mfalme, imejaa watu, ikasemwa mbele ya umati kwamba mfalme hazikwi mpaka mrithi wake ajulikane, na palepale kaburini likatajwa jina, Jean-Baptiste Ndahindurwa, kijana wa miaka 23, ndugu wa marehemu kwa baba, akawa Kigeli V. Gavana wa Kibelgiji kasimama pale pale, umati umeshaitikia, afanye nini? Hakuna taji hapo wala zulia jekundu, kuna kaburi lililo wazi na watu wachache wenye jina, na mimi sijasoma kutawazwa kwingine kunakonibana kifua kama huku. Ufalme wenyewe ulifutwa 1961, kwa hiyo ukisoma leo unajua kinachokuja na wao pale hawajui, na hiyo nayo itumie, msomaji wako mpe kidogo cha mbele halafu umuache na wahusika wasiojua.

Sasa kuna wafalme ambao walimuona huyo mwenye kukataa wakaamua kumvuka. Napoleon, Desemba 2, 1804, Papa Pius VII katolewa Roma mpaka Paris, kanisa la Notre-Dame limejaa, na taji Napoleon akajivika mwenyewe, akamvika na mkewe Joséphine. Papa akabaki kubariki. Bokassa wa Afrika ya Kati alipojitawaza Bangui Desemba 4, 1977 aliiga sherehe ileile, kiti chake kina tai mkubwa wa dhahabu, na Septemba 1979 alishapinduliwa. Mhusika wako akijivika taji mwenyewe usiishie kusema ana kiburi, tuonyeshe ameogopa mkono wa nani.

Na ufalme ukikatika afu ukarudi je? Hapa Buganda wana somo kubwa sana ambalo waandishi wetu hawaligusi. Kabaka, yaani mfalme, Mutesa II alitawazwa 1942, akakimbia 1966 jeshi la Obote lilipovamia ikulu yake, mwaka uliofuata falme zote za Uganda zikafutwa, yeye akafia London 1969. Mwanawe, Ronald Muwenda Mutebi II, akaja kutawazwa Julai 31, 1993 pale Naggalabi, Buddo, kwenye kilima chao cha siku zote, na nguo za magome ya mti zikavaliwa kama za wazee wake. Hesabu mwenyewe kutoka 1942 mpaka 1993, aliyeona ya kwanza kwa macho akiwa mtu mzima sasa ni mzee sana. Nani anakumbuka hatua ya ngapi inafuata ipi? Wazee wawili wakipishana kumbukumbu nani anasikilizwa? Mimi sura yangu niipendayo kuliko zote niliyowahi kuandika haina mfalme kabisa, ni vikongwe wawili usiku wa kuamkia siku yenyewe wanabishana ngoma ilitangulia au maji yalitangulia.

Kitu cha pili ni mwili. Waandishi wanasahau kwamba anayetawazwa ana shingo na vidole. Taji la Mtakatifu Edward linalotumika Uingereza lilitengenezwa 1661, kwa sababu la zamani liliharibiwa 1649 walipomkata mfalme kichwa na kufuta ufalme, na hili jipya lina uzito wa kilo 2.2 hivi. Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili uweke kichwani, tembea toka chumbani mpaka sebuleni, shuka ngazi kama unazo, afu jaribu kumuangalia mtu aliye chini yako. Mimi nimefanya, huwezi kuinamisha kichwa, inabidi ushushe macho tu, na hapo ndo nikaelewa kwa nini kwenye picha wanaonekana wana dharau hata kama hawana. Malkia Victoria wa Uingereza, Juni 28, 1838, pete yake ilitengenezwa kwa kidole kidogo, askofu mkuu akailazimisha kidole kinachofuata, sherehe ilipoisha ikabidi atie mkono kwenye maji ya barafu ndo itoke. Siku hiyohiyo mzee mmoja wa zaidi ya miaka 80, Bwana Rolle, alianguka ngazini akienda kumpa heshima, na malkia wa miaka 19 akainuka kumsogelea ili asipande tena. Watu walimpenda kwa hilo. Ukitaka msomaji ampende mfalme wako mpe kitu kidogo cha namna hiyo, kisichokuwa kwenye ratiba.

Na vitu vyenyewe vichakaze jamani. Kile kiti cha kutawazia cha kanisa la Westminster, London, kilitengenezwa mnamo 1300 kwa amri ya mfalme Edward I wa Uingereza ili kibebe jiwe la Scone, jiwe la kutawazia wafalme wa Scotland, alilowanyang'anya Waskoti 1296, na ukikitazama karibu kimejaa majina yaliyochongwa na wanafunzi na wageni, mmoja, P. Abbott, kaandika kwamba amelala humo Julai 1800. Jiwe nalo wanafunzi wa Kiskoti waliliiba Krismasi ya 1950, likarudishwa, na 1996 likapelekwa Scotland rasmi, kwa hiyo Charles III alipotawazwa Mei 6, 2023 ilibidi jiwe lisafirishwe kutoka Scotland kuja London. Hapo unarudi kwenye swali letu, nani kalishika sasa?

Haya, tuje kwenye vitu vya kumbukumbu, maana hapa ndo nina mapenzi yangu. Nina kikombe nilichonunua kwa muuza vitu vya kale Mji Mkongwe, Zanzibar. Kina picha ya kijana nywele zimechanwa upande mmoja, bendera huku na huku, mstari wa dhahabu mdomoni umefutika upande mmoja tu, yaani mtu alikinywea chai kwa mkono uleule miaka na miaka, na tarehe ya kutawazwa ni Mei 12, 1937. Huyo kijana ni Edward VIII wa Uingereza na hakutawazwa. Alijiuzulu Desemba 11, 1936 ili amuoe Wallis Simpson, tarehe ikabaki ileile, aliyevishwa taji siku hiyo ni mdogo wake, George VI. Viwanda vilikuwa vimeshachoma vikombe kwa wingi.

Nilikaa na hicho kikombe mkononi nikapata hadithi. Kwenye ufalme wangu wa visiwani wafanyabiashara wa bandarini wameshachapisha kanga zenye jina la mwana mkubwa, majahazi yamezishusha, na siku tatu kabla mwana mkubwa anatoroka. Hasara ni ya nani? Nani anazinunua kwa bei ya kutupa? Na baada ya mwaka mwanamke akionekana sokoni kajifunga kanga ile, ni umaskini au ni msimamo? Msikae mnabuni lugha mpya na ramani ya milima miezi sita wakati hamjui kwenye ufalme wenu mtu wa kawaida alirudi nyumbani na nini siku ile.

Kumbukumbu pia zinaficha, na mwandishi lazima aone kilichofichwa. Elizabeth alikuwa Kenya, huko kwenye misitu ya Aberdare na Sagana, baba yake alipofariki Februari 6, 1952, alipanda hoteli ya juu ya mti ni binti mfalme akashuka ni malkia, hiyo hadithi mnaijua inapendwa sana na watalii. Akatawazwa Juni 2, 1953, na stempu ikatoka ya Kenya, Uganda na Tanganyika, senti 20, ninayo, ndogo na nzuri, uso umetulia. Sasa weka hiyo stempu pembeni ya mwaka wenyewe. Kenya iko kwenye hali ya hatari toka Oktoba 1952, Aprili 1953 Kenyatta na wenzake watano wamehukumiwa Kapenguria, na Novemba 30 mwaka huohuo Gavana Cohen wa Uganda akamfukuza Kabaka Mutesa II nchini kwake akapelekwa Uingereza. Barua iliyobeba ile stempu ilipita katikati ya yote hayo. Picha nayo ni hivyohivyo, ule mchoro mkubwa wa mchoraji David wa kutawazwa Napoleon una mama yake mzazi amekaa pazuri kabisa, wakati mama mwenyewe hakuhudhuria. Kwenye ufalme wako amua nani kachorwa ambaye hakuwepo.

Kwa wanaotaka kuanza kukusanya, kwa ufupi tu. Muuzaji akikwambia kikombe cha Edward VIII ni adimu kwa sababu hakutawazwa, mjibu kwa upole kwamba vilitengenezwa vingi, usilipe bei ya ajabu. Vya Edward VII angalia tarehe, vingi vina Juni 26, 1902 wakati sherehe ilifanyika Agosti 9, hicho sio kigezo cha kuwa feki, ndo historia yenyewe. Dhahabu ya mdomoni usiisugue na stilwaya, maji ya uvuguvugu na kitambaa laini vinatosha. Stempu usiibandike kwa selotepu hata kidogo, na sisi wa pwani unyevu unaua karatasi, weka kwenye albamu isimame wima mbali na ukuta wa nje. Nunua unachokipenda, utajiri humu usiutegemee.

Hiyo 1902 nimeitaja makusudi. Apolo Kagwa, Katikkiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, alisafiri mpaka London kwa ajili ya sherehe hiyo na katibu wake Ham Mukasa, wamefika, mji umepambwa, na siku mbili kabla mfalme akafanyiwa upasuaji wa tumbo, kila kitu kikasogezwa mbele. Ham Mukasa aliandika safari nzima kwa Kiluganda. Ukikwama sura yako isimuliwe na nani, mchukue mtu wa namna hiyo, mgeni mwenye akili aliyetoka kwenye ufalme wake wenye adabu zake, anaona mambo ya wenyeji na kuyapima kwa ya kwao. Mtu wa ndani ya ikulu hawezi kukuonyesha kitu, kila kitu kwake ni cha kawaida, na huyu mgeni akikaa wiki sita akisubiri mfalme apone ataingia jikoni, atapanda treni, ataulizwa maswali na watoto, utaujua mji wote kabla taji halijaletwa.

Kama una nafasi ya kusafiri, usianzie mbali. Lamu makumbusho ya pale ufukweni kwa ajili ya mambo ya pwani, Dunga kule Unguja kwenye magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa zamani wa kule, na kwa wa bara nendeni Nyanza, Rwanda, kwenye jumba la mfalme, mtakuta nyumba ya nyasi iliyojengwa upya na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu mno wanaoimbiwa na wachungaji wao. Anayewatembeza mwacheni amalize maelezo yake yote, afu mumuulize kuhusu walinzi wa ngoma, wa maziwa na wa moto, kila mmoja na kazi yake, na nyumba zao zilikuwa umbali gani kutoka kwa mfalme. Daftari liwe mkononi, simu ichajini kabla, na kama ni kundi mgawane, mmoja aandike majibu mwingine achore nyumba ilivyopangwa ndani.