Mimba ya Mapacha: Maswali Kutoka Lamu na Malindi

Maswali ya safari hii yote yanahusu mimba za mapacha. Tumeyafupisha na kuondoa majina ya waulizaji.

Nina mimba ya wiki 12 na nimeambiwa ni mapacha. Daktari anasema ni mimba ya hatari, ilhali mavyaa wangu asema nyanya yake alizaa pacha nyumbani bila tatizo. Nimsikilize nani? (Mja mzito, Langoni, Lamu)

Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, dada. Mapacha wengi huzaliwa salama, lakini mimba yao huandamwa zaidi na upungufu wa damu, kupanda kwa shinikizo la damu na kuzaa kabla ya wakati, na ndiyo maana daktari anataka kukuona mara kwa mara. La kumwuliza sasa, kabla wiki ya 14 haijapita, ni kama watoto wanashiriki kondo moja la nyuma au kila mmoja ana lake, kwa kuwa baadaye ultrasaundi hailionyeshi jambo hilo kwa urahisi. Usiridhike na kuambiwa kwamba wote ni wa jinsia moja, kwani wavulana wawili wanaweza kabisa kuwa na makondo mawili.

Kila mmoja akiwa na lake, kwa kawaida picha hupigwa kila baada ya wiki nne. Wakishiriki moja, hupigwa kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya 16, maana mishipa yao huungana ndani ya kondo hilo, na katika mimba 10 hadi 15 kati ya kila 100 za namna hiyo damu humwelemea mmoja na kumpungukia mwenziwe. Hali hiyo haina dawa ya nyumbani. Tumbo likifura kwa ghafla ndani ya siku chache, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Jibu la daktari liandikwe kwenye kijitabu chako cha kliniki, kwani huenda atakayekuzalisha si huyu anayekuangalia leo.

Tunaishi Kizingitini, mke wangu ana wiki 27 za mimba ya pacha, nami ni mvuvi. Upepo wa kusi umeshika. Tumhamishe lini? (Mume)

Msingoje uchungu, ndugu yangu. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na hata mimba isiyo na tatizo lolote madaktari hupendelea watoto watoke kwenye wiki ya 37 kama kila mmoja ana kondo lake, au wiki ya 36 kama wanashiriki moja. Anayekaa ng'ambo ya maji, basi, hawezi kupanga safari yake kwa miezi tisa ya watu wengine. Rai yangu ni kwamba ifikapo wiki ya 32 mkeo awe tayari anakaa kwa jamaa walio karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji na mahali pa kutunzia watoto wachanga, iwe ni Amu mjini, Malindi au Mombasa, kwa kadiri daktari atakavyoelekeza.

Nyinyi wavuvi mnaijua bahari ya usiku wakati wa kusi kuliko mimi, na mnaweza kukisia ilivyo kumvusha mwanamke anayetokwa na damu. Kufika Mokowe, gati ya bara, nako si kufika, kwani ikibidi apelekwe mbele, bado kuna barabara ndefu ya Witu na Garsen, ambayo mafuriko ya Mto Tana yamewahi kuikata. Ndege ya Manda ni ya haraka, ila mashirika mengi hayampakii mwenye mimba ya pacha baada ya wiki ya 32. Tangu sasa hakikisheni usajili wake wa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, hauna kasoro, pataneni na mwenye boti anayeweza kuamshwa usiku, tengeni fedha za mafuta, na tafuteni watu walio tayari kutoa damu, kwa sababu mji wa uzazi uliobeba wawili hutanuka sana na huweza kuchelewa kujikaza baada ya kuzaa.

Mkunga wa mtaani ataka kunikanda tumbo ili mtoto wa pili ageuke. (Shela, Lamu)

Usikubali. Kulisukuma tumbo kunaweza kulibandua kondo kabla ya wakati. Tena kinachotazamwa zaidi katika kuamua njia ya kuzaa ni mlalo wa mtoto wa kwanza. Wa pili huweza kugeuka hata baada ya mwenziwe kutoka. Mkunga akukande mgongo.

Majirani wanasema nilale kitandani hadi nizae. (Muyeye, Malindi)

Hapana, isipokuwa daktari amekuagiza kwa sababu anayoijua. Kulala kutwa hakuzuii mapacha kuzaliwa mapema, na huzidisha hatari ya damu kuganda miguuni. Acha kubeba ndoo za maji, pumzika mchana, na tembea kidogo jioni.

Ramadhani itanikuta nina wiki 25. Nisipofunga nitasemwa. (Mkomani, Lamu)

Wanavyuoni wamempa mja mzito anayejihofia, au anayemhofia mtoto, ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Suala la fidia, ambalo wametofautiana, muulize shekhe wako. Kwa upande wa tiba, ukiwa na shinikizo la damu au sukari, au mtoto mmoja akiwa hakui sawa na mwenziwe, jibu langu ni ule. Wanaosema, mumeo awajibu.

Nina wiki 30, na daktari ataka kunichoma sindano za kukomaza mapafu ya watoto. Je, ndiyo nazaa? (Barani, Malindi)

Si lazima. Sindano za deksamethasoni hutolewa pale inapoonekana kwamba watoto huenda wakazaliwa ndani ya siku saba, na hufaa zaidi zikitangulia kuzaliwa kwao kwa siku moja au zaidi, kwa hiyo usizicheleweshe ukingoja kikao cha ukoo. Ukiwa na ugonjwa wa sukari, sema kwanza, maana huipandisha.

Wakizaliwa wadogo, ulizia kuwabeba kifuani ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianzwe mara tu baada ya kuzaliwa, ila kwa mtoto aliye mahututi. Baba naye ana kifua: amfunge mmoja kwa leso, wewe umfunge wa pili.

Mke wangu hulia usiku, nami naambiwa mwanamume haonyeshi hofu. (Mume, Maweni, Malindi)

Anayekuambia hivyo hatakuwapo usiku huo. Mwambie mkeo kwamba nawe waogopa, kisha fuatana naye kliniki na muulize pamoja, kwa maana mke anayeyabeba maneno ya daktari peke yake huyarudisha nyumbani yakiwa mazito zaidi. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, au akiacha kula, mwelezeni muuguzi bila haya, kwani inatibika. Na kama amewahi kutamka kwamba heri asingekuwapo, msingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali leo, wala usimwache peke yake.