Kikoi cha mteja kina uzito kuliko hesabu ya nyuzi zake: ninunue uzi gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina karakana ndogo ya kufuma hapa Tanga, vitanda viwili vya kufumia kwa mkono. Mteja ameniletea kikoi kipya ambacho hakijafuliwa, anataka mita 150 za kitambaa kama hicho, upana sentimita 110. Nimehesabu nyuzi: mtande, yaani nyuzi za urefu, 20 kwa sentimita; mshindio, yaani za kukatiza, 18. Uzi nimeulinganisha na pamba ya namba 20 niliyo nayo, nikaona ni sawa pande zote mbili. Lakini kipande cha sentimita 10 kwa 10 kina gramu 1.28, yaani gramu 128 kwa mita ya mraba, na nikikokotoa kwa namba 20 napata 112 tu. Nikijaribu namba 18 napata karibu 125. Je, ninunue namba 18? Na kilo ngapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue namba 18, ambayo ni nene kuliko 20. Ulihesabu vizuri na jicho lako halikukosea kwenye uzi. Zile gramu 16 zinazopungua zipo, ila umezitafuta kwenye unene wa uzi wakati sehemu yake imo katika urefu wa uzi, na nyingine si uzi kabisa.

Tuanze na urefu. Ulipokokotoa ulichukua kwamba mita moja ya kitambaa ina mita moja ya kila uzi. Haiwi hivyo. Uzi wa mtande hupita juu ya mshindio mmoja na chini ya unaofuata, na mshindio nao vivyo hivyo, kwa hiyo kila uzi ndani ya kitambaa umejikunja kama wimbi na ni mrefu kuliko kitambaa chenyewe. Katika ufumaji wa moja juu moja chini, kama huo wa kikoi, mikunjo ni mingi kuliko ufumaji wowote mwingine, maana uzi haupati nafasi ya kulala.

Ipime hivi. Tandaza kikoi mezani bila kukivuta, piga alama mbili za kalamu zilizoachana sentimita 20 kufuata mtande, mbali na ukingo. Kata kitambaa nje kidogo ya alama, kisha chomoa uzi mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Bandika mwisho mmoja wa uzi kwenye rula kwa selotepu, alama ikae kwenye sifuri, uunyooshe kwa vidole mpaka mawimbi yaishe, na uishie hapo. Ukiendelea kuvuta utakuwa unapima mnyumbuko wa pamba, si mkunjo. Soma alama ya pili iko wapi. Fanya kwa nyuzi 10 za mtande na 10 za mshindio, uchukue wastani wa kila upande.

Kwa kitambaa cha aina yako sitashangaa mtande ukikupa sentimita 21.6 na mshindio 21.0. Hiyo ni asilimia 8 na asilimia 5. Utatumia utakachopima mwenyewe, lakini tuendelee na hizi ili uone hesabu inavyokwenda. Pamba ya namba 20 ina gramu 29.5 kwa kila mita 1,000. Mtande: 20 mara 29.5 mara 1.08, gawa kwa 10, unapata gramu 63.7 kwa mita ya mraba. Mshindio: 18 mara 29.5 mara 1.05, gawa kwa 10, unapata 55.8. Jumla 119.5. Karibu nusu ya pengo lako imeshazibika, na namba ya uzi hatujaigusa.

Zimebaki gramu 8.5, na hapa neno lako muhimu ni kwamba kikoi hakijafuliwa. Kila aliyenunua khanga mpya anajua inavyosimama kama karatasi, na inavyolegea ikishafuliwa. Uzi wa mtande hupakwa wanga kabla ya kufumwa usikatike kwa msuguano, na mara nyingi kitambaa kilichokwisha kufumwa hutiwa tena wanga ili kionekane kizito dukani. Huo wanga unaupima kwenye mizani pamoja na pamba. Nunua tincha ya ayodini duka la dawa, ichanganye na maji mpaka iwe rangi ya chai nyepesi, dondoshea tone moja pembeni mwa kitambaa, mahali peupe. Pakigeuka buluu iliyokolea, wanga upo. Pasipogeuka usihitimishe haraka, kwa sababu zipo gundi nyingine za viwandani zisizoitika ayodini.

Kwa hiyo pima pia kwa kufua. Kata vipande viwili vya sentimita 10 kwa 10 na uvipime vyote. Kimoja kiweke kando, kingine kichemshe kwa maji na sabuni, ukisuuze mara kadhaa na kukianika. Kisha viache vyote viwili meza moja usiku kucha kabla ya kupima tena, kwa sababu pamba hunyonya unyevu wa hewa. Kwenye hali ya maabara, nyuzi joto 20 na unyevunyevu wa asilimia 65, pamba kavu kabisa huongezeka uzito kwa kama asilimia 8, na Tanga hewa ina unyevu mwingi kuliko huo. Kile ambacho hakikufuliwa kinakuonyesha hewa imeongeza au imepunguza nini. Kilichofuliwa kikishuka hadi karibu gramu 1.20, mambo yamelingana. Linganisha uzito wa kipande chenyewe, usikikate upya baada ya kufua, maana kitakuwa kimesinyaa na nyuzi kwa sentimita zitakuwa zimeongezeka.

Ujanja huu ni wa zamani. Katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, pamba ilipoadimika, viwanda vya Lancashire huko Uingereza vilizoea kujaza vitambaa wanga na udongo mweupe wa kaolini, na mnunuzi akalipia udongo kwa bei ya nguo. Ni miaka hiyohiyo ambapo merikani, ile nguo ya pamba iliyokuwa ikitoka Marekani kuja Unguja, ilikatika sokoni. Uzito wa kitambaa kipya peke yake haujawahi kuwa ushahidi wa uzi.

Sasa ungenunua namba 18 ingekuwaje? Uzi huo una gramu 32.8 kwa mita 1,000. Ukiuweka pamoja na mikunjo unapata karibu 133 kwa mita ya mraba bila wanga hata chembe. Mteja angefua vikoi viwili, chake na chako, akaona chako kigumu na kizito, nawe ungekuwa umenunua uzi zaidi kwa asilimia 11.

Kabla ya kilo, rudi kwenye sampuli uangalie mambo mengine. Matamvua ya kikoi ni nyuzi za mtande zilizoachwa na kufungwa, kwa hiyo huna haja ya kukisia upande upi ni upi, na hapo ndipo rahisi kuona uzi ni mmoja au ni miwili iliyosokotwa pamoja. Ufungue mmoja kwa vidole, uangalie pia msokoto unaelekea kulia au kushoto, kisha ufanye hivyo kwa mshindio. Uzi wenye msokoto wa upande mwingine hubadilisha mng'ao na jinsi kitambaa kinavyoshikika mkononi, hata namba ikiwa ileile. Mistari ya pembeni ihesabu uzi kwa uzi kwa rangi zake, nyekundu 12, nyeupe 4, na kuendelea, uandike kwenye karatasi. Usipime kwa rula. Mara nyingi nyuzi za pale zimebanwa kuliko katikati, na ukitumia 20 kwa sentimita kote mistari itatoka mipana.

Kilo sasa. Nyuzi za mtande ni 20 mara 110, yaani 2,200, bila kuhesabu za ziada za ukingo na mistari. Urefu wa kila moja ni mita 150 mara 1.08, yaani 162. Hiyo ni mita 356,400, sawa na kilo 10.5. Mishindio ni 18 mara 100 mara 150, yaani 270,000, kila mmoja mita 1.155, inatoka kilo 9.2. Jumla kilo 19.7. Ongeza angalau asilimia 5 ya upotevu, na zaidi ukitandika kwa vipande vifupi, kwani kila mtande una kipande cha mwisho kisichofumika. Chanuo, kile kitana kinachotenganisha nyuzi za mtande, nalo lipange kwa upana wa sentimita 115.5, si 110, kwa sababu mshindio ukijikunja hukivuta kitambaa ndani; nyuzi mbili kwa kila jino, meno 9.5 kwa sentimita. Muulize pia mteja kama mita 150 anazihesabu kabla ya kufua au baada.

Kwa uzi wa namba 20 ulio nao, fuma nusu mita kwanza. Itoe kitandani, iache ilale usiku mmoja, ndipo uhesabu, kwa sababu kitambaa kilichovutwa huonyesha mishindio michache kuliko kilicholegea. Ifue kuondoa wanga wa mtande kwa njia ileile uliyotumia kwa sampuli, ukianza na kipande cha sentimita 10 kwa 10 kilichopimwa. Kikikupa karibu gramu 1.20, agiza. Kikizidi sana, hesabu upya mishindio kabla ya kumlaumu muuza uzi. Mara nyingi ni mkono uliopiga chanuo kwa nguvu.